Chagua Faili Kabla ya Kifaa: Mwongozo wa Visomaji vya Wino wa Kielektroniki

Ukiingia dukani kutafuta kisomaji cha vitabu, yaani kile kibao chepesi chenye kioo kisichong'aa ambacho wengi hukiita Kindle hata kikiwa cha kampuni nyingine, muuzaji atakuonyesha kwanza ukubwa wa kioo, kisha taa, kisha idadi ya vitabu vinavyoingia ndani. Yote hayo yana maana yake, ila hakuna hata moja litakalokuambia kama miaka kumi ijayo vitabu ulivyovilipia bado vitakuwa vyako. Ushauri wa mwongozo huu ni kuanzia nyuma. Jua kwanza utayapata wapi mafaili ya vitabu unavyotaka kusoma, ni ya aina gani, na kama yanaweza kuhama kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Kifaa kichague baadaye. Sifa kubwa ya wino wa kielektroniki ni kutumika tena na tena, na sifa hiyo ina pande tatu: ukurasa mmoja kubeba vitabu vingi, kitabu kimoja kupita katika vifaa vingi, na kifaa kimoja kupita mikononi mwa watu wengi. Wahandisi wametukamilishia upande wa kwanza. Pande mbili zilizobaki haziwasubiri wahandisi. Zimeshikwa na masharti ya maduka, na kwa kiasi fulani na uamuzi wako siku unapotoa pesa.

Upande huo wa kwanza si jambo geni pwani yetu. Watoto wa vyuo vya Kurani waliandika aya kwenye ubao wa mti, wakahifadhi, wakauosha, wakaandika nyingine, na ubao ukaenda kwa mdogo wao. Wino wa kielektroniki hufanya kazi hiyo bila maji. Chini ya kioo kuna tabaka la vifuko vidogo mno, vya upana unaokaribia ule wa unywele, vilivyojaa mafuta maangavu. Ndani ya mafuta hayo zimo chembe nyeupe za oksidi ya titani na chembe nyeusi za kaboni, zenye chaji zinazopingana. Umeme ukielekezwa upande mmoja, nyeupe hupanda juu na mahali pale huonekana peupe. Ukigeuzwa, nyeusi hupanda na herufi hutokea. Zikishafika, chembe hubaki palepale bila umeme. Kwa hiyo ukurasa unaousoma hauli chaji hata ukiutazama saa nzima. Kinachokula chaji ni kufungua ukurasa mwingine, taa, na mtandao ulioachwa wazi. Ndiyo maana simu inadai chaji kila jioni ilhali kisomaji hukaa wiki kadhaa. Na kwa kuwa hakitegemei mwanga wake bali hurudisha mwanga wa mahali ulipo, jua la saa saba mchana linaloficha maandishi ya simu ndilo linaloyafanya ya kisomaji yaonekane vizuri zaidi.

Wagunduzi wenyewe waliota makubwa kuliko tuliyopata. Katika miaka ya 1970 Nick Sheridon, akiwa katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, alitengeneza karatasi ya vishanga vyenye nusu nyeusi na nusu nyeupe vilivyogeuzwa kwa umeme. Mwaka 1997 Joseph Jacobson wa chuo cha MIT na wenzake, wakiwemo wanafunzi wawili wa shahada ya kwanza, Barrett Comiskey na J. D. Albert, walichapisha makala waliyoiita “Kitabu cha Mwisho”. Walikusudia kitabu halisi chenye mamia ya kurasa, kila ukurasa ukiwa wa wino wa kielektroniki, ambacho mwenyewe angekiamuru kiwe kitabu chochote atakacho na kesho kiwe kingine. Mwaka huohuo ilianzishwa kampuni ya E Ink, ambayo leo iko mikononi mwa Wataiwani. Kilichofika sokoni, kuanzia Librié ya Sony iliyouzwa Japani mwaka 2004, kilikuwa na ukurasa mmoja tu. Huo si upungufu mkubwa, maana macho hayasomi kurasa mbili kwa wakati mmoja. Upungufu mkubwa ulikuwa kwingine: vitabu vilivyouzwa kwa ajili ya Librié vilifungwa kwa kufuli la kidijiti na vilikoma kufunguka baada ya siku 60. Kifaa cha kwanza kabisa cha wino huu kilikuja na ukurasa wa kudumu na kitabu cha kupita.

Kisa hicho hakikuishia Japani. Kindle ya Amazon ilitoka Novemba 2007 kwa dola 399, na kwa mara ya kwanza kununua kitabu kukawa kazi ya dakika moja. Julai 2009 wasomaji Marekani waliona nakala walizonunua za “1984” na “Animal Farm” za George Orwell zimefutika zenyewe vifaani mwao. Aliyeziweka dukani hakuwa na haki ya kuziuza, na Amazon ikazifuta kwa mbali na kuwarudishia watu pesa. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani, lakini watu walikuwa wameshajifunza kwamba duka lina mkono unaofika hadi kwenye rafu zao. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na ilipofika Julai vitabu vilivyonunuliwa humo viliacha kufunguka. Pesa zilirudishwa, vitabu havikurudi. Februari 2025 Amazon iliondoa njia iliyokuwa ikimruhusu mnunuzi kupakua kitabu kwenye kompyuta na kukihamishia kifaani kwa waya. Matukio haya matatu hayafanani kwa sababu zake, na mawili ya kwanza yalifuatiwa na fidia. Yanafanana katika jambo moja tu, nalo ndilo linalokuhusu: katika yote, kioo kilikuwa kizima, betri nzima, na kifaa kilikuwa tayari kufanya kazi kwa miaka mingine mingi.

Utasema kitabu cha karatasi nacho hupotea, huliwa na mchwa, huazimwa kisirudi. Ni kweli. Lakini anayekiazima bila kurudisha bado anacho, na siku moja kitatokea kando ya barabara Nairobi au Dar es Salaam, kwenye turubai la muuza vitabu vya mitumba, kianze safari nyingine. Elimu ya watu wengi wa ukanda huu imepita kwenye turubai hizo. Kitabu cha kidijiti hakina turubai. Desemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya duka la Kiholanzi lililoitwa Tom Kabinet, iliamua kwamba kuuza tena kitabu cha kielektroniki kilichokwisha kununuliwa kunahitaji ruhusa ya mwenye haki, tofauti na kitabu cha karatasi. Marekani nako, maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive, iliyokuwa ikiazimisha nakala za kidijiti za vitabu vya karatasi ilivyovimiliki, ilishindwa mahakamani mwaka 2023 na rufaa yake ikatupwa Septemba 2024. Hukumu hizo hazitufungi huku moja kwa moja. Hata hivyo maduka makubwa ya vitabu vya kidijiti yako chini ya sheria za nchi hizo, na masharti yao ndiyo unayoyakubali unapobonyeza kitufe cha kununua. Basi usikisie. Soma kama ukurasa wa kitabu unasema hakina kufuli, na kama duka linakuruhusu kupakua faili lenyewe. Kama huoni popote pa kulipakua, hesabu kwamba umekodi, kisha ujiulize kama bei ni ya kukodi.

Sasa tuje kwenye faili. Aina ya kutafuta ni EPUB. Ilitangazwa mwaka 2007 ikiwa kanuni ya wazi isiyomilikiwa na duka lolote, na siku hizi inatunzwa na W3C, shirika lilelile linalosimamia kanuni za tovuti. Ndani yake kuna kurasa za maandishi zilizofungwa pamoja, kwa hiyo herufi zinakua na kupungua na mistari hujipanga upya kulingana na kioo. Riwaya ya kawaida isiyo na picha mara nyingi haifiki megabaiti moja. Kwa hiyo usilipie nafasi ya ziada kwa sababu ya riwaya. Nafasi huliwa na picha na vitabu vya kusikiliza. Visomaji vya Kobo na PocketBook hufungua EPUB moja kwa moja. Kindle haiifungui ukiiingiza kwa waya: lazima uitume kupitia huduma ya Amazon, ambayo imeanza kuipokea tangu 2022, au uigeuze kwanza kwa Calibre, programu ya bure ya kompyuta ambayo kila mwenye kisomaji anapaswa kuwa nayo. Calibre hugeuza pia faili la Word kuwa EPUB, na hapo mwalimu au mhariri anapata matumizi ambayo matangazo hayayasemi: muswada, ripoti ndefu au mada za darasani zinasomeka kwa utulivu kama kitabu, kisha zinafutwa zikipisha nyingine, bila rimu ya karatasi.

PDF ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wengi huvunjika moyo na kukitupa kifaa kabatini. Nakala laini nyingi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp vyuoni na mashuleni ni PDF, na PDF hutunza ukurasa jinsi ulivyo. Ukurasa wa A4 ukiubana kwenye kioo cha inchi sita, herufi zinakuwa punje za ulezi. Kabla ya kulaumu kifaa, fanya jaribio moja: fungua faili kwenye simu au kompyuta, ujaribu kuchagua neno moja kwa kulikandamiza. Neno likichagulika, ndani kuna maandishi halisi na Calibre inaweza kuyatoa, ingawa vichwa vya kurasa na majedwali yatavurugika na utahitaji subira. Lisipochagulika, hiyo ni picha ya ukurasa tu, labda iliyopigwa kwa simu juu ya goti, na hakuna kisomaji cha inchi sita kitakachoifanya isomeke vizuri. Kama sehemu kubwa ya usomaji wako ni ya namna hiyo, una njia mbili za kweli: kioo cha inchi kumi, ambacho bei yake hupanda sana, au kubaki na kompyuta. Kununua kifaa kidogo kwa matumaini kwamba utazoea ni kupoteza pesa.

Kiswahili kwenye visomaji hivi kina raha yake na kero zake. Herufi zetu hazihitaji alama ngumu, na hata ng' hutokea sawasawa mradi aliyeandaa faili ametumia alama moja ya kibainishi kitabu chote. Kero ya kwanza ni urefu wa maneno. Vifaa vingi huja vimepangwa kulinganisha kingo zote mbili za ukurasa, na kwa kuwa kwa kawaida havijui pa kukata neno kama “yatakapowasilishwa”, huliteremsha zima kwenye mstari unaofuata na kuacha mapengo makubwa nyuma yake. Dawa ni kwenda kwenye mipangilio na kuchagua kingo ya kushoto pekee, au kupunguza kidogo ukubwa wa herufi. Kero ya pili ni kamusi. Huduma ya kugusa neno na kupata maana imejengwa kwa lugha ambazo neno halibebi viambishi vingi mbele. Hata ukipakia kamusi ya Kiswahili, kugusa “walivyokisoma” kwa kawaida hakukufikishi kwenye “soma”. Anayejifunza Kiswahili asitegemee hapo. Anayesoma Kiingereza au Kifaransa kama lugha ya tatu, yeye atafaidi huduma hiyo kuliko jambo lolote lingine kwenye kifaa.

Na mafaili ya Kiswahili yapatikane wapi? Jibu ni la kuudhi. Riwaya na tamthilia zinazosomwa na wengi hazipatikani kirahisi katika EPUB iliyo wazi, na wachapishaji wengi bado hukiona kitabu kama kitu cha shule kinachouzwa kwa katoni. Vitabu vya watoto vina hali bora. African Storybook, mradi ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili zenye leseni ya wazi inayokuruhusu kupakua, kunakili, hata kuzifasiri upya. StoryWeaver ya Pratham Books ya India inazo pia. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, ila vimepangwa kwa kurasa kubwa zenye rangi, kwa hiyo vinafaa zaidi kishikwambi au kompyuta. Nairobi, eKitabu imekuwa ikifanya kazi na wachapishaji kutoa EPUB, zikiwemo zinazofaa wenye ulemavu wa kuona. Andika orodha ya vitabu kumi unavyotaka kweli kuvisoma mwaka huu, kisha utafute kila kimoja. Ukikuta viwili tu katika faili linalohama, huna haja ya kisomaji bado. Ukikuta saba, endelea kusoma.

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba simu inatosha, na kwa wengi inatosha kweli. Shirika la Worldreader lilianza mwaka 2010 nchini Ghana kwa kugawa Kindle mashuleni, likaja Kenya na Tanzania, na baada ya miaka michache likaelekeza nguvu nyingi kwenye vitabu vya kusomwa kwa simu kwa sababu simu tayari ziko mifukoni. Tathmini ya majaribio yake ya kwanza Ghana ilikuta takriban asilimia 40 ya visomaji vimeharibika. Idadi hiyo inatisha, na sababu yake inafaa kueleweka: tabaka la wino katika vifaa vingi limebandikwa juu ya bamba jembamba la kioo lenye mitambo midogo ya umeme, na bamba hilo hupasuka kwa kukandamizwa ndani ya begi lililojaa hata pale ambapo uso wa nje hauna mkwaruzo. Mistari isiyoondoka kwenye ukurasa ndiyo dalili. Fundi simu ana rundo la vioo vya simu zinazouzwa kwa wingi. Kioo cha kisomaji itabidi akiagize, na mara nyingi gharama yake inakaribia bei ya kifaa. Kwa hiyo kava ngumu inayofunika uso si pambo. Inunue siku ileile, na kama unanunua kwa ajili ya shule, weka kwenye bajeti kabati lenye nafasi ya kila kifaa kabla ya kuongeza idadi ya vifaa.

Hata hivyo tathmini hiyohiyo iliona wanafunzi wa shule za msingi wakipata maendeleo fulani katika kusoma, na hoja ya simu inasahau kwamba simu ni soko, sinema na baraza kwa pamoja. Anayetaka kumaliza kitabu cha kurasa mia nne anapambana na kila ujumbe unaoingia. Kisomaji ni kizito kufungua tovuti, picha zake zinasuasua, na udhaifu huo ndio unaomwacha msomaji na kitabu chake. Usinunue kile chenye mfumo wa Android na duka la programu kwa kudhani umepata vitu viwili kwa bei ya kimoja. Utakuwa umelipia simu mbovu.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa karatasi, nalo lina ushahidi unaostahili heshima. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya tafiti 54 zilizohusu watu zaidi ya 170,000 na kukuta kwamba karatasi inashinda kioo katika kuelewa maandishi ya maarifa, huku hadithi zikiwa hazina tofauti. Hivyo vilikuwa vioo vya kila aina. Mwaka 2019 Anne Mangen wa Chuo Kikuu cha Stavanger, Norway, pamoja na wenzake, aliwapa watu 50 hadithi ya kurasa 28, nusu wakaisoma kwenye Kindle na nusu kwenye karatasi. Katika vipimo vingi walikuwa sawa, ila wa karatasi walikumbuka vizuri zaidi tukio lipi lilitangulia lipi. Upo pia utafiti unaotajwa sana kwamba visomaji huharibu usingizi. Huo ulifanywa kwa watu 12 waliotumia iPad, kioo kinachotoa mwanga usoni, na si halali kuuelekeza kwa wino wa kielektroniki uliozimwa taa. Nikipima yote hayo, nakushauri ugawanye kazi. Riwaya, kumbukumbu za maisha na makala ndefu ziende kwenye kisomaji. Kitabu cha kiada ambacho utakirudia kwa mtihani, chenye michoro na majedwali, kama unaweza kukipata kwa karatasi kipate kwa karatasi. Mtu anayekuambia kimoja kitafuta kingine hajatazama vipimo hivi.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na linatoka kwa waandishi. Faili linalohama, watasema, ni faili linaloibwa. Likitoka bila kufuli asubuhi, jioni liko kwenye makundi mia. Hofu hiyo ina msingi, maana mwandishi wa Kiswahili anauza nakala chache na kila moja ina uzito. Lakini tazama hali ilivyo: vitabu vinavyosambazwa bila malipo huku kwetu kwa sehemu kubwa havikutoka kwenye EPUB. Vilitolewa fotokopi au kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa kutoka kwenye karatasi, ambayo haina kufuli lolote. Kufuli linamzuia aliyelipa asihamie kifaa kipya. Aliyepiga picha halimgusi. Zipo nyumba za uchapishaji zilizojaribu njia nyingine. Tor, wachapishaji wa riwaya za sayansi wa Marekani na Uingereza, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao mwaka 2012, na baada ya mwaka mmoja tawi la Uingereza likasema halikuona ongezeko la wizi lililodhihirika. Mwaka huo wa 2012 vitabu vya Harry Potter navyo viliuzwa bila kufuli lakini kila nakala ikiwa na alama ya mnunuzi wake ndani. Ushahidi wa kampuni moja ya Uingereza hauthibitishi kitakachotokea Kariakoo. Unatosha kumpa mchapishaji sababu ya kujaribu kwa kitabu kimoja cha zamani ambacho hakipo tena madukani na hakimletei chochote. Na kwako msomaji, haki ya kuhamisha kitabu chako si haki ya kukisambaza. Ukikipenda, mwenzako mwonyeshe pa kukinunua.

Ukishavuka hapo, kuchagua kifaa ni kazi nyepesi. Kisomaji kipya cha kawaida huanzia zaidi kidogo ya dola 100 Marekani, na juu yake utaongeza usafiri na ushuru. Kioo cha nukta 300 kwa inchi kinakaribia uchapaji wa karatasi. Pungufu sana ya hapo herufi ndogo huwa na kingo zilizomeguka. Taa ya pembeni ni muhimu kwa anayesoma usiku umeme ukikatika. Kustahimili maji ni nyongeza nzuri kwa anayeishi pwani. Rangi bado mimi siilipii: katika vioo vya Kaleido 3, vinavyotumika kwenye Kobo za rangi zilizotoka 2024, picha ya rangi ina nukta 150 kwa inchi, nusu ya zile za maandishi meusi, na kichujio cha rangi kinafanya weupe wa ukurasa ufifie. Kwa vitabu vya watoto vyenye picha inaweza kufaa. Kwa riwaya ni hasara.

Ukinunua kilichotumika, kikague mbele ya muuzaji. Fungua ukurasa mweupe kabisa na mweusi kabisa utafute mistari. Hakikisha akaunti ya mwenyewe wa kwanza imeondolewa, maana kifaa kilichofungamana na akaunti ya mtu mwingine kinaweza kukusumbua moyo. Ingiza faili lako mwenyewe kwa waya palepale, la aina ambayo kifaa hicho husoma, uone likifunguka bila mtandao. Hilo likishindikana, usichukue hata kwa bei ya kutupa. Angalia tundu la kuchaji, kwa kuwa vya zamani hutumia USB ndogo ambayo waya zake zimeanza kuadimika na hulegea upesi.

Kama huna haraka, kuna sababu moja ya kusubiri. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa 2023 inataka, kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, na kwa kuwa kampuni hazipendi kutengeneza aina mbili za kifaa kimoja, huenda na sisi tukafaidika. Kobo tayari imeshirikiana na kampuni ya iFixit tangu 2024 kuuza vipuri na kutoa maelekezo ya kutengeneza aina zake mpya. Hatua hizi ni kubwa kwa upande wa tatu wa kutumika tena. Kioo kikinusurika, betri ndiyo inayokufa kwanza katika kisomaji, na kifaa kinachobadilishwa betri kinaweza kusomesha zaidi ya mtoto mmoja katika nyumba. Tanzania tumeona jambo hilo likifanyika kwa vishikwambi vya sensa ya 2022, vilivyomaliza kuhesabu watu vikagawiwa walimu. Hesabu ya mazingira nayo inakaa hapohapo: kutengeneza kisomaji kunachafua kuliko kuchapa kitabu kimoja, na deni hilo hulipwa tu na vitabu vingi vitakavyosomwa ndani yake. Anayebadilisha kila toleo jipya likitoka hajaokoa mti wowote.

Siku ya kukipitisha kwa mwingine, anza kwa kunakili mafaili yako yasiyo na kufuli kwenye kompyuta na kwenye flashi moja ya ziada, yakiwa na jina la mwandishi, jina la kitabu na mwaka. Toa pia alama na maelezo uliyoandika pembezoni, kwa kuwa kwenye vifaa vingi hayo hukaa katika faili la peke yake na husahaulika. Kisha ondoa akaunti yako, rudisha kifaa katika hali ya kiwandani, na umwachie mrithi vitabu vyenye leseni ya wazi ili asianze na rafu tupu. Mpe na kava na waya. Kama hakuna wa kumpa kwa sasa, kihifadhi kikiwa na chaji ya nusu, mbali na joto, na ukikague kila baada ya miezi michache, maana betri ya lithiamu ikiachwa tupu muda mrefu haifufuki. Ukiona mgongo wake umevimba, usikichaji tena. Kipeleke kwa wanaokusanya taka za umeme, kikiwa kimezimwa.